Mali kauli: imani iliyotuvusha hapa Moshi mwaka 2020, mlima ulipokosa wageni

Ndugu wanajamvi, salaam.

Juzi kuna ndugu aliandika humu kwamba imani haijawahi kumlisha mtu, na kwamba Watanzania tukibanwa na maisha tunakimbilia kusema "Mungu yupo" kwa sababu hatuna jambo jingine la kufanya. Sikumjibu palepale, kwa kuwa jibu nililo nalo ni refu na linahitaji uzi wake. Nataka kueleza namna mtaa wetu wa Majengo, hapa Moshi mjini, ulivyovuka miezi ile migumu ya mwaka 2020, na mtanisamehe nikizungumzia daftari moja la duka kuliko mahubiri, maana ni ndani ya daftari lile ndimo nilimoiona imani kwa macho yangu.

Mimi ni mpagazi wa Mlima Kilimanjaro. Nimebeba mizigo tangu mwaka 2009, zaidi njia za Machame na Lemosho, na wasioijua kazi hii waelewe kwamba mpagazi hana mshahara wa mwezi: analipwa kwa siku alizokaa mlimani, anaongezewa tipu wageni wakishuka salama, na asipopanda hana chochote. Katikati ya Machi 2020 nilishuka kupitia geti la Mweka na kundi la wageni ambao njia nzima walikuwa wakiulizana habari za ndege za kurudi kwao. Simu zetu ziliposhika mtandao, kila mmoja alikuwa na habari ileile: tarehe 16 Machi Serikali ilikuwa imetangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, yuko Arusha, ameingia kupitia uwanja wetu wa ndege wa Kilimanjaro (KIA). Kesho yake shule zikafungwa. Aprili ndege za abiria kutoka nje zikasimamishwa, na safari zote nilizokuwa nimeahidiwa kuanzia Juni hadi Agosti, ambao ndio msimu wa sisi kula na kuweka akiba, zikafutwa moja baada ya nyingine kwa ujumbe mfupi wa simu. Kampuni niliyoshuka nayo ilibaki na malipo yangu ya siku tatu, nami sijayaona hadi leo.

Kwa mikoa yetu hii miwili, Kilimanjaro na Arusha, watalii wakikatika hakatiki mpagazi peke yake. Anakatika mama wa chapati, dobi anayefua mashuka ya hoteli, fundi anayeshona mahema yaliyochanika, mkulima anayeuza karoti na viazi vinavyopandishwa mlimani, mchonga vinyago, dereva na mwosha magari. Mwaka 2019 nchi ilipokea wageni zaidi ya milioni 1.5, na mwaka 2020 wakabaki kama 620,000. Ukiisikia redioni ni takwimu tu, lakini ukiwa Majengo ni nyumba ya tatu kutoka kwako ambayo haijawasha jiko tangu jana.

Sasa nije kwenye duka. Ni kibanda cha mabati chenye dirisha la nondo, na mwenyewe ni mzee wa Kiislamu ambaye mtaa mzima tunamwita Babu, hata sisi tunaopishana naye miaka ishirini tu. Anauza vitu vya kupima: sukari robo, mafuta ya kula ya mia tano, sabuni ya kipande, dagaa, unga, maharage, mkaa wa kopo. Nyuma yake, juu ya gunia la chumvi, hukaa daftari la jalada gumu, yale ya mgongo mwekundu tunayoyaita kaunta buku, limefungwa kwa mpira wa baiskeli, na kalamu imening'inizwa kwa uzi wa nailoni. Babu hakuandika majina ya watu. Aliandika kazi zao: "Mama Chapati", "Fundi Baiskeli", "Mwalimu", "Dobi". Mimi ukurasa wangu uliandikwa "Mlima". Nimeuona ukurasa ule mara nyingi kiasi kwamba hata leo nikifumba macho nauona: Mlima, unga kilo 2, mafuta 500, sabuni kipande 1, chini yake mstari wa peni nyekundu, kisha tarehe nyingine na unga tena.

Kabla ya korona kukopa kwake kulikuwa kwa watu wachache aliowazoea. Wiki ya mwisho ya Machi nilipokwenda kuomba kilo moja ya unga nikiwa nimejiandaa kukataliwa, aliniuliza maswali mawili tu: una watoto wangapi, na mlima utafunguliwa lini? La pili nilimjibu kwamba sijui. Akasema, "Basi hata mimi sijui, tuandike." Akalitoa daftari.

Nimelifikiria neno lile "tuandike" kwa miaka. Wafanyabiashara mnalijua vizuri jambo la mali kauli, yaani kuchukua bidhaa kwa neno la mdomo ukaahidi kulipa ukishauza. Babu naye mzigo wake aliuchukua kwa mali kauli kwenye maduka ya jumla kule Mbuyuni, na wale wa jumla bila shaka nao walikuwa wanadaiwa na watu wa juu yao. Hivyo unga niliokula nyumbani kwangu Aprili ile ulikuwa umepita katika mikono ya watu watatu au wanne, na kila mmoja alimwamini aliyemfuata bila kushika chochote mkononi. Lugha yetu imetumia neno moja kwa mambo yote mawili: tunasema namwamini Mungu, na tunasema namwamini Babu wa duka. Anayekukopesha wakati hakuna anayejua kesho itakuwaje anatamka, bila kufungua kinywa, kwamba kesho ipo na wewe utakuwemo. Kwangu hiyo ni imani kamili, tena ya gharama, kwa sababu ikikosea mwenye kuamini anafilisika.

Alikuwa na masharti, na hayo ndiyo yaliyotusaidia kuvumilia kuliko hata unga wenyewe. Hakukopesha sigara, hakukopesha vocha, hakukopesha fedha taslimu. Na sharti kubwa kuliko yote alituambia mmoja mmoja: "Ukiwa huna, pita unisalimie. Mimi nadhulumiwa na anayenikwepa, sidhulumiwi na asiyenacho." Aliyewahi kudaiwa anajua uzito wa sharti hilo. Deni linakufundisha njia za uchochoroni. Unaanza kuamka kabla ya watu, unarudi giza limeingia, unamtuma mtoto mahali ambapo zamani ulikwenda mwenyewe, na siku moja unagundua kwamba hujakaa na jirani kwa mwezi mzima na hata kanisani umeacha kwenda kwa sababu utakutana na watu. Hapo ndipo mtu anapovunjika. Sisi Babu alitulazimisha kupita mbele ya dirisha lake kila asubuhi, mikono mitupu, na kusema "Shikamoo Babu", naye akaitikia "Marahaba, Mlima" na kuuliza watoto wameamkaje. Kuna siku nilipita nikiwa na shilingi 500 tu niliyoipata kwa kusukuma mkokoteni, nikamwekea dirishani kwa aibu, na akaiandika kwa mwandiko uleule aliotumia kuandika deni: "Mlima, amelipa 500."

Pasaka ya mwaka ule iliangukia tarehe 12 Aprili, siku zilezile ndege ziliposimama. Wiki iliyofuata, tarehe 17 hadi 19, Rais Magufuli aliitisha siku tatu za maombi ya kitaifa, na kabla mwezi haujaisha Ramadhani ikaanza. Kwa hiyo karibu mwezi na nusu mtaa wetu ulikuwa ukiomba kwa zamu, Wakristo na Waislamu, na sisemi hivyo kwa kupamba: unakwenda kuchota maji alfajiri unasikia adhana, ukirudi unasikia nyumba ya jirani wanasali jumuiya kwa sauti ya chini. Sukari ilipanda hadi Serikali ikatangaza bei elekezi. Babu alifunga mchana kutwa akiwa amezungukwa na chakula, akipima na kuandika, na magharibi mke wake alitoa bakuli za futari, magimbi na tambi, zikaenda kwenye nyumba ambazo daftari lilimwonesha kwamba hazijachukua kitu siku mbili. Daftari la madeni likawa ndiyo orodha ya wanaohitaji kupelekewa. Sikuwahi kuona jambo kama hilo, na nilikuwa mmoja wa waliopelekewa.

Niseme na hili, kwa sababu ni la mji wetu na lingali linatuuma. Tarehe 1 Februari mwaka uleule, wiki sita kabla ya korona kutangazwa, watu 20 walifariki katika uwanja wa hapa Majengo wakikanyagana kwenye ibada ya usiku, walipokuwa wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Siwacheki marehemu wale na naomba mtu yeyote humu asiwacheke. Walikuwa na shida za kweli, magonjwa na madeni kama ya kwangu, na walikwenda mahali walipoambiwa kuna msaada. Ninachohuzunika ni kwamba tumefundishwa kuitafuta imani kwa mbio, ya usiku mmoja, anayewahi ndiye anayepata. Katika kazi yangu mgeni anayeanza kwa mbio getini mara nyingi ndiye tunayemshusha kabla ya kilele. Tunawaimbia "pole pole" kwa sababu mwili unahitaji siku kadhaa kuzoea hewa nyepesi ya juu, na hakuna nguvu ya mtu inayoweza kuzifuta siku hizo. Nadhani dhiki nayo ni hivyo.

Wala imani haikumfanya Babu apuuze ugonjwa. Ndoo ya maji tiririka na kipande cha sabuni vilikuwa mlangoni kwake mapema kuliko sehemu nyingi, na asiyenawa hakuhudumiwa. Mwanzoni mwa 2021 maaskofu wa Kanisa Katoliki nchini walipowaandikia waumini wao kwamba wasali na pia wachukue tahadhari, mimi niliona wanasema kile ambacho duka letu lilikuwa limekifanya mwaka mzima.

Kwa upande wangu nilifanya kilichopatikana. Nilisukuma mkokoteni Mbuyuni, nilikata majani ya ng'ombe na kuuza kwa mzigo, nilikwenda Mabogini na Chekereni kufanya kibarua cha kupandikiza mpunga, maji yakiwa magotini na mgongo, uliozoea kubeba, ukijifunza kuinama. Mara moja nilipanda kwa mama yangu Kirua kuomba chakula. Alinipa ndizi mkungu mzima, lakini nilipoyaona maharage kwenye debe na kuomba nayo, alikataa kabisa: yale yalikuwa mbegu. Nilikasirika. Akanikalisha akanieleza ya mwaka 1981, alipokuwa binti mwenye mtoto mchanga. Vita ya Kagera ilikuwa imeisha, Mwalimu Nyerere alikuwa ameomba nchi ijifunge mkanda kwa miezi kumi na minane na miezi ile ikageuka miaka, madukani rafu tupu, sabuni haipatikani, watu wanakula unga wa njano walioubatiza jina "Yanga", na foleni ya duka la ushirika mtu anaiwekea jiwe tangu usiku ili limshikie nafasi. Mpaka wa Kenya ulifungwa tangu 1977 hadi 1983, na wanawake wa Vunjo walivuka usiku kwa njia za porini kwenda Taveta kutafuta sabuni na mafuta, wakijua wakikamatwa wananyang'anywa vyote. "Mwaka ule tulikula mbegu mara moja," mama akaniambia, "na njaa ya mwaka uliofuata niliijua ilikotoka." Nilishuka na ndizi zangu bila maharage. Mvua za masika zilikuwa zinanyesha, na yale maharage aliyapanda wiki ileile.

Kwa sasa naishia hapa, nikipata nafasi nitajibu hoja.

*

Mchangiaji kutoka Sakina, Arusha:

Mleta uzi, nimekusoma kwa heshima, ila naomba nieleze upande wa pili. Mimi ndiye Babu wa mtaa wetu, tofauti ni kwamba duka langu lilikufa. Wateja wangu walikuwa madereva wa magari ya watalii na vijana wa vinyago. Nilikopesha kuanzia Machi hadi Agosti kwa moyo huohuo unaousifu, na mwenye duka la jumla alipokuja kudai nilikuwa na daftari lililojaa majina na rafu zilizojaa vumbi. Wengi walihamia vijijini bila kuaga, wengine wakabadilisha namba za simu. Nilifunga Oktoba 2020, na nilimshtakia Mungu kwa machozi, kwa sababu niliamini na nikaanguka. Sasa mtu akisema imani ilituvusha, nauliza: waliovuka kwa mgongo wangu, mimi nilivushwa na nani?

*

Mleta uzi:

Ndugu yangu wa Sakina, nimesoma maneno yako mara tatu kabla ya kuandika, na sitakujibu kwa mstari wa Maandiko. Ulichokieleza ni kweli, na uzi wangu ungekuwa wa uongo kama ningeuacha bila wewe kuwemo. Babu wetu naye hakulipwa na wote. Alikuwa na mambo mawili ambayo huenda wewe hukuwa nayo: duka liko kwenye kiwanja chake mwenyewe, hivyo hakudaiwa kodi, na mwanawe aliyeko Dar alikuwa akimtumia kidogo kila mwezi. Bila hayo mawili sijui kama tungekuwa na hadithi ya kusimulia. Kwa hiyo sisemi kwamba anayeamini hufanikiwa. Mlimani tumewahi kumshusha kwa machela mtu mwenye nguvu kuliko sisi sote, na hakuwa amekosea popote.

Ninachoweza kukuambia ni kwamba watu wale walikula. Watoto wa madereva wale walilala wameshiba siku ambazo mahali pengine pasingekuwa na chakula, na jambo hilo halifutiki kwa sababu wazazi wao walikimbia. Deni lako ni halali, na aliyekukimbia amekudhulumu, tena amekudhulumu mara mbili, mali na imani. Kama yupo humu anayesoma na anajua duka la Sakina ambalo hakurudi, naomba arudi hata na 5,000. Miaka iliyopita haimzuii.

*

Mchangiaji kutoka Pasua:

Mimi nilikuwa mwalimu wa shule binafsi. Shule zilipofungwa Machi mishahara ilisimama, na tulikaa hivyo mpaka wanafunzi walipoanza kurejea mwezi Juni. Nilikaanga vitumbua alfajiri, nikauza kwa wapita njia ambao wengine walikuwa wazazi wa wanafunzi wangu. Nataka kuongeza jambo moja kuhusu sala. Kwa miezi ile sikuweza kusali. Nilikaa kwenye jumuiya nikiwa kimya, mdomo mzito, na mama mmoja mtu mzima aliyekaa karibu yangu akaniambia nisijilazimishe, yeye atasali sehemu yangu mpaka nitakapoweza. Alifanya hivyo, alilitaja jina langu kila Jumamosi. Niliposoma habari za mali kauli nilimkumbuka yeye, kwa sababu naye alinikopesha.

*

Mleta uzi:

Mwalimu, asante. Sina la kuongeza juu ya hilo.

*

Mchangiaji mwingine:

Babu yupo bado? Na wewe ulimaliza deni lako?

*

Mleta uzi:

Yupo, ingawa macho yamepungua na siku hizi anayeandika ni mjukuu wake. Ndege ziliruhusiwa tena tarehe 18 Mei 2020, lakini wageni hawakurudi kwa wingi mwaka ule. Mimi nilipata safari yangu ya kwanza Oktoba, wageni wawili tu, siku saba kwa njia ya Lemosho. Nilipopokea malipo nilipita dukani kabla ya kufika nyumbani, na mabuti bado yana vumbi la kambi ya Barafu kule juu mlimani. Deni lilikuwa limefika 214,000. Nilimwekea 120,000, akazihesabu taratibu, akatoa elfu kumi akanirudishia, akisema nisiingie kwa watoto mikono mitupu baada ya siku saba za mlimani. Lililobaki nililimaliza Februari 2021. Alipiga mstari mwekundu wa kukata ukurasa mzima kutoka kona hadi kona, kisha akafungua ukurasa mpya na kuandika juu yake "Mlima", bila kuandika kitu chini.

Kaunta buku la sasa ni la nne tangu wakati ule. Nililiona wiki iliyopita nilipokwenda kununua mkaa. Mdogo wangu ameanza kazi ya upagazi mwaka huu na safari bado hazijamkalia sawa. Kuna ukurasa umeandikwa "Mlima Mdogo", unga kilo 1, dagaa 1,000, na asubuhi ile mwenyewe alikuwa amekwisha kupita kusalimia.